Tabianchi, Kibanja na Amri ya Saba

Kila Jumapili tunamwomba Baba yetu wa mbinguni mkate wa kila siku. Ibada ikiisha tunatoka nje, na ndizi, maharage na kahawa vilivyoletwa kuwa sadaka vinanadiwa mbele ya kanisa. Hapo tunaona kwa macho jinsi ombi letu lilivyojibiwa. Kuna misimu ambayo mikungu inajaa na maharage yanang'aa. Kuna misimu mingine ambayo mikungu ni myembamba, na maharage ama yameoza kwa mvua ama yamekauka kabla ya kujaza. Tukiangalia zaidi, tunaona jambo la pili. Walioleta mikungu, hata katika msimu mbaya, wengi wao ni wazee. Vijana wameleta sarafu walizopata kwenye bodaboda, au hawakuleta kitu, au hawakuja.

Katika insha hii tunataka kuuliza swali moja. Riziki ya kijana inapopotea kwa sababu ya hali ya hewa, je, yupo anayedaiwa? Au hilo ni jambo kati ya kijana na Mungu, na sisi wengine kazi yetu ni kumwombea na kumwambia avumilie?

Majibu matatu tunayoyasikia

Katika sharika zetu za Bukoba na Muleba swali hili lina majibu matatu yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba yote ni mapenzi ya Mungu. La pili ni kwamba vijana wa siku hizi hawapendi jembe, wanataka fedha ya haraka. La tatu ni kwamba kosa ni la mataifa tajiri na viwanda vyao.

Kila jibu lina ukweli ndani yake. Mungu ndiye Bwana wa mvua. Vijana wavivu wapo, kama walivyokuwapo wavivu katika kila kizazi. Na ni kweli kabisa kwamba hewa ukaa inayoipasha dunia joto haikutoka kwenye mafiga ya Kamachumu. Lakini majibu haya yana ugonjwa mmoja: anayeyatoa hubaki hana la kufanya. Wa kwanza anamwachia Mungu, wa pili anamwachia kijana mwenyewe, wa tatu anamwachia mtu wa mbali. Wote watatu wanarudi nyumbani na dhamiri iliyotulia. Dhamiri inayotulia upesi hivyo inafaa kupimwa kwa Neno la Mungu.

Mvua moja, mashamba mawili

Kabla ya kupima, tuangalie hali yenyewe ilivyo. Mababu zetu walituachia hekima kubwa inayoitwa kibanja. Migomba inasimama juu, mibuni chini yake, maharage katikati, na miti michache ya kivuli. Nyasi zinakatwa kwenye rweya na kutandazwa shambani, na samadi ya ng'ombe inarudishwa kwenye mashina. Udongo unaotunzwa hivi kwa vizazi vingi hushika maji. Jua likiongeza wiki mbili tatu, kibanja kinaumia lakini hakifi. Mvua ikizidi, matandazo na majani yanaipunguza nguvu kabla haijauchukua udongo.

Isitoshe, ukanda wetu wa ziwani una neema yake. Bukoba hupata wastani wa karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiwango ambacho sehemu nyingi za Tanzania hazikioni. Ukienda magharibi mvua inapungua, hadi kufikia chini ya milimita 1,000. Kwa hiyo mtu aliyekaa ndani ya kibanja kizuri karibu na ziwa anaweza kusikia habari za tabianchi kama habari za nchi nyingine.

Lakini kibanja kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ni baba au babu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu karibu watu milioni 3 katika Mkoa wa Kagera. Wilaya ya Muleba peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 540,000 miaka kumi kabla ya hapo. Vibanja vimegawanywa na kugawanywa tena. Kijana anayeanza maisha anapewa kipande cha rweya ambako udongo ni hafifu, au anakodi shamba la msimu mmoja bondeni, au anashuka ziwani, au anakwenda mjini kutafuta pikipiki ya mkataba. Kazi hizi zina jambo moja linalozifananisha: hazina matandazo. Hakuna kinachokaa kati yake na hali ya hewa.

Tuangalie maharage. Kijana amekodi shamba, amenunua mbegu kwa fedha ya kuazima, anasubiri vuli. Mvua za kwanza zinanyesha, anapanda, kisha mbingu zinafunga wiki tatu. Anapanda tena kama bado ana mbegu. Mwezi unaofuata mvua inakuja yote kwa pamoja na kuozesha maua. Mwenye kibanja amepoteza maharage lakini ana ndizi. Aliyekodi amepoteza maharage na bado anadaiwa kodi ya shamba.

Tuangalie ziwa. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kuliko kawaida, na mvua za vuli zikazidi kipimo katika Afrika Mashariki yote. Ziwa Victoria hupata takriban asilimia 80 ya maji yake kutokana na mvua inayoanguka juu yake lenyewe. Kufikia mwaka 2020 lilikuwa limepanda na kuvunja rekodi ya mwaka 1964, na mwaka 2024 likapita hata kiwango hicho. Mialo na makazi ya kandokando yalizama katika nchi zote tatu zinazolizunguka. Ziwa hilohilo mwaka 2006 lilikuwa limeshuka mno. Mzee mwenye nyumba juu ya mlima huona mabadiliko hayo kwa mbali. Kijana aliyejenga kibanda cha mabati ufukweni ndiye anayehama usiku akiwa amebeba godoro.

Katika visiwa vya Muleba, kama Bumbire, Goziba na Ikuza, maelfu ya watu huishi kwa dagaa na sangara. Dagaa huanikwa juani. Mvua ikinyesha siku mfululizo wanaharibika, na walionusurika huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Juu ya hayo kuna dhoruba. Wanasayansi waliolichunguza ziwa letu walionya mwaka 2016 kwamba dhoruba kali za usiku zinatazamiwa kuongezeka kadiri dunia inavyopata joto. Usiku ndio saa ya kazi ya mvuvi wa dagaa.

Hata senene, furaha yetu ya Novemba, ni ajira. Vijana hufunga taa kali na mabati, wakauza debe kwa debe, na fedha hiyo hulipa ada au kuanzisha genge. Senene huja na mvua. Mvua zikivurugika, taa zinawaka usiku kucha na mafuta ya jenereta yanakwisha bure.

Inatupasa tuwe wakweli. Si kila msiba wetu unatokana na tabianchi. Mnyauko uliogunduliwa mkoani mwetu mwaka 2006 unaletwa na bakteria, na husambazwa na wadudu na visu visivyosafishwa. Ardhi imechoka kwa sababu ng'ombe wamepungua na samadi pia. Samaki wamepunguzwa na nyavu haramu. Mkristo asifanye neno tabianchi kuwa kapu la kutupia kila lawama. Lakini hali ya hewa iliyovurugika inampiga mtu ambaye tayari ni mgonjwa, na inampiga zaidi yule asiye na kibanja cha kujikinga.

Je, ni mapenzi ya Mungu?

Wanaotoa jibu la kwanza mara nyingi hulitegemeza juu ya ahadi aliyopewa Nuhu katika Mwanzo 8, kwamba majira ya kupanda na ya kuvuna hayatakoma. Ahadi hiyo tunaiamini. Lakini haisemi kwamba mwanadamu hawezi kumharibia jirani yake majira. Mungu aliahidi pia kuwalisha wanadamu, na bado watu wamekufa njaa kwa sababu ya vita walivyovianzisha wanadamu wenyewe. Ahadi ya Mungu inatupa sababu ya kupanda. Haitupi ruhusa ya kufumba macho.

Katika Yohana 9 wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake. Bwana Yesu alikataa kumfanya mtu yule kuwa mada ya mjadala. Alitema mate, akafanya tope, akaanza kazi. Wapo wanaosema ukame ni adhabu ya dhambi za vijana, na wapo wanaosema mafuriko ni mapenzi ya Mungu. Wote wamesimama pale walipokuwa wamesimama wanafunzi. Bwana alikwisha kuinama chini.

Nasi Walutheri tuna mwalimu katika jambo hili ndani ya kitabu ambacho kila mtoto wa kipaimara hukikariri. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529, alieleza maana ya mkate wa kila siku. Hakuishia kwenye chakula na mavazi. Katika orodha yake aliweka nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, hali ya hewa nzuri na majirani waaminifu. Hali ya hewa iko ndani ya ombi moja pamoja na serikali na majirani. Kwa hiyo tunapoiomba mvua, tunawaombea pia watu ambao matendo yao huiharibu au kuitunza riziki yetu. Mungu hutulisha kwa mkono wake, na mara nyingi mkono huo ni mkono wa mtu.

Kahawa ya butura

Jibu la tatu linalaumu mataifa tajiri. Hili nalo tulipime, na kipimo chake tunacho hapa nyumbani.

Sote tunaijua butura. Mkulima ana mgonjwa au ada ya shule. Kahawa yake ingali maua. Anakuja mtu mwenye fedha, wanakubaliana, na mavuno yote yanauzwa kwa bei ya kutupa kabla punje moja haijaiva. Mavuno yakifika mnunuzi anakuja na magunia, na mkulima anasimama kando akitazama kahawa yake ikiondoka. Serikali imeipiga butura marufuku, vyama vya ushirika vinaikemea, na sisi madhabahuni tunaiita dhuluma. Tunaiita hivyo ingawa pande mbili zilipatana, kwa sababu mmoja alipatana akiwa na njaa.

Sasa fikirini hili. Katika butura muuzaji alikuwepo na alipata angalau kitu. Lakini misimu ya vijana wetu imeuzwa ingali maua wakati wao hawajazaliwa. Hakuna aliyewauliza, na fedha hawakuiona. Waliotumia makaa ya mawe na mafuta kwa zaidi ya miaka mia na hamsini walipata reli, viwanda na majiji. Afrika yote inatoa chini ya asilimia 5 ya hewa chafu inayotolewa duniani leo. Katika mkutano wa Copenhagen mwaka 2009, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo mwaka 2020 yatakuwa yakitoa dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini katika jambo hili. Kiasi hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na sehemu kubwa yake ilikuwa mikopo. Anayekuharibia shamba kisha akakukopesha fedha ya kulitengeneza bado hajatubu.

Kwa hiyo kudai ni haki, na kanisa halina sababu ya kuona aibu kudai. Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo lilikutana Dar es Salaam mwaka 1977 na kumchagua Askofu Josiah Kibira wa kwetu Bukoba kuwa rais wake, lilikutana tena barani Afrika mwaka 2017, mjini Windhoek, Namibia. Moja ya mada zake ilikuwa kwamba uumbaji si bidhaa ya kuuzwa. Ukiyasema maneno hayo Kagera, mtu anayeijua butura atayaelewa bila kufafanuliwa.

Lakini Amri ya Saba haimkabili mtu wa mbali peke yake. Katika Katekisimo hiyohiyo Luther anafundisha kwamba kutoiba ni nusu ya amri. Nusu ya pili ni kumsaidia jirani aitunze na kuikuza riziki yake. Kwa nusu ya kwanza mwenye kibanja wa Muleba anaweza kusema hana hatia, hakuchoma makaa ya mawe. Kwa nusu ya pili hawezi kusema hivyo kabla ya kutazama aliye karibu naye. Na aliye karibu naye kuliko wote ni mwanawe na binti yake.

Kibanja na warithi wake

Hapa ndipo mjadala huwa mgumu, nasi hatutaki kuupunguza uzito. Wazee wanasema: nikimpa kijana kibanja, kesho atakiuza anunue pikipiki, nami nitalala wapi? Hofu hiyo ina msingi, imetokea katika familia nyingi. Wanasema pia kwamba kibanja kikigawanywa kwa watoto sita hakitamlisha hata mmoja. Na hilo ni kweli. Kwa idadi ya watu tuliyo nayo, kugawa ardhi tu hakutamaliza tatizo.

Vijana nao wana lao. Wanaambiwa mvumilivu hula mbivu, lakini wanaona kwamba mbivu zenyewe ziko upande wa pili wa ua. Mtu anayesubiri kibanja mpaka baba afariki anaweza kukipata akiwa na miaka hamsini, akiwa ametumia nguvu zake zote kwenye mashamba ya kukodi.

Biblia inatupa njia ambayo haijapita ama kwa hawa ama kwa wale. Katika Walawi 25 ardhi yenyewe ni mali ya Mungu, na watu ni wapangaji wake. Kwa hiyo mtu akiuziana na mwenzake, kinachohesabiwa ni idadi ya mavuno yaliyobaki mpaka yubile. Kinachopita kutoka mkono hadi mkono ni mavuno, ardhi inabaki. Hili ni kinyume cha butura. Butura huhesabu mavuno ili kumnyang'anya mnyonge. Walawi huyahesabu ili mnyonge asipotee.

Basi baba anaweza kubaki mwenye kibanja na bado akatoa mavuno. Mistari kadhaa ya mibuni inaweza kuwa ya kijana kwa miaka kumi, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, na fedha ya kahawa hiyo ikapokewa kwa jina lake katika chama cha msingi. Pembeni mwa kibanja anaweza kupewa nafasi ya vanila au parachichi. Yeye atatoa nguvu za kutandaza, kuleta samadi na kung'oa migomba yenye mnyauko, kazi ambazo mgongo wa mzee haziwezi tena. Hapo kibanja chenyewe kinapona, kwa maana vibanja vingi vinadhoofika kwa kukosa mikono wakati mikono iko bodaboda. Yule baba wa Luka 15 aligawa mali akiwa hai. Mmoja wa wanawe alipoteza fungu lake, na bado Bwana hakumtaja baba huyo kuwa mpumbavu.

Na tunaposema kijana, tusimsahau binti. Katika Hesabu 27 binti za Selofehadi walidai urithi mbele ya Musa, na Mungu akasema wana haki. Hapa kwetu, shauri lililoanzia Muleba kati ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory lilifika Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi ardhi ya ukoo ana haki ya kuiuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke sawasawa na mwanamume katika kumiliki ardhi. Mtu asiseme desturi haibadiliki. Nyarubanja nayo iliitwa desturi, ikafutwa katika miaka ya 1960, na leo hakuna anayetamani kuwa mtwana wa shamba la mwingine.

Yanayowezekana katika usharika

Tunaweza kuanza na tulicho nacho. Sharika nyingi zina ardhi, na sehemu ya ardhi hiyo imelala. Baraza la wazee linaweza kuigawa kwa kikundi cha vijana kwa miaka mitano au zaidi, si kwa msimu mmoja, kwa sababu hakuna anayepanda mti au kuweka samadi kwenye ardhi atakayonyang'anywa mwakani. Sehemu ya sadaka ya mavuno inaweza kuwa akiba ya mbegu, ili kijana ambaye maharage yake yamekauka apande tena bila kwenda kwa mkopeshaji. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Katika usharika wapo walimu na watumishi wanaoweza kuwasaidia vijana kuandika katiba ya kikundi na kujaza fomu.

Kuna pia kazi ya kuilinda ardhi inayotukinga. Rweya inayochomwa moto kila kiangazi haitupi matandazo. Chemchemi iliyokatiwa miti inakauka wakati tunapoihitaji zaidi. Askofu Fredrick Shoo, aliyekuwa mkuu wa kanisa letu, alijulikana kwa kupanda miti Kilimanjaro na kulifanya jambo hilo kuwa sehemu ya imani. Vijana wetu wa kipaimara nao wanaweza kupanda, mradi miti hiyo iwe na mwenyewe atakayeitunza na kufaidika nayo.

Hatusemi kwamba mambo haya yatarudisha mvua. Kijana atakayepewa mibuni leo bado ataona misimu mibaya, na pengine itakuwa mibaya kuliko ya leo. Tofauti ni kwamba itamkuta ndani ya ua pamoja na ndugu zake. Yeremia, katika sura ya 32, alinunua shamba Anathothi wakati jeshi la adui limeuzunguka mji. Alilipa fedha, akaandika hati, akaita mashahidi. Kwake tumaini lilikuwa na karatasi na mhuri.

Hilo tunawaachia wasomaji wetu, hasa wale wenye vibanja. Jumapili ijayo tutaomba tena mkate wa kila siku, na katika sala ile Bwana hakutufundisha kuuomba kila mtu wake peke yake. Kabla ya Jumapili hiyo ziko siku sita za kukaa chini na watoto wetu, wa kiume na wa kike, na kuhesabu pamoja nao mibuni iliyopo shambani.